Gari Lilikuwa Tupu

Nohemí Chaparro alifika mapema kwenye mafunzo ya madereva waliokamatwa kwa mwendo kasi. Alichagua kiti cha nyuma kabisa, na mkoba wake akauweka kwenye kiti cha pembeni ili kisije kikakaliwa na mtu. Baridi ya Duitama, mji wa milimani, Jumamosi ile ilikuwa ya kung'ata, lakini hakuwa akiiwaza baridi. Alikuwa akimwomba Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva wote, jambo moja tu: asiingie mtu anayemfahamu.

Maana Nohemí hakuwa dereva wa hivi hivi. Alikuwa anaendesha gari la wanafunzi, lile jeupe lenye mstari wa njano, na picha aliyopigwa na kamera kwenye barabara iliyonyooka baada ya daraja haikupigwa akienda sokoni. Ilipigwa asubuhi, watoto wakiwa ndani. Wazazi wakijua, kazi imekwisha siku hiyohiyo, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, dada yake Alcira na mama yao aliyepooza upande mmoja. Wazazi wa Duitama ni watu wa adabu sana. Watakuamkia, watakuuliza hali ya mama, watakufungia na arepa, mkate wa mahindi wenye jibini, ule njiani. Lakini mguse mtoto wao uone.

Kupigwa tochi na askari ni afadhali, kwa sababu askari ana masikio, unaweza kumlilia. Kamera utaililiaje? Ilani ilikuja nyumbani na picha yake, na ilani isipomalizwa kibali cha kubeba wanafunzi hakihuishwi. Kwa hiyo ilibidi aje akae darasani kama mtoto, amalize, apewe cheti, mambo yaishe kimyakimya. Hivyo ndivyo alivyopanga.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kusema jina lake, Otilia, mlango ulipofunguliwa akaingia mtu wa mwisho, akiomba radhi kwa kuchelewa. Nohemí alipomwona alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa Don Wilmar Cely mwenye duka la dawa, baba wa Salomé, mtoto wa tatu katika wale anaowachukua kila asubuhi. Tena ndiye kiongozi wa kundi la wazazi kwenye simu. Ndiye anayeandika "Wazazi wapendwa" na kuweka kila nukta mahali pake. Wiki chache tu nyuma aliandika waraka mrefu juu ya usalama wa watoto barabarani, na watu wote wakamjibu kwa vile vidole gumba vya njano vya kwenye simu.

Naye alimwona. Alishtuka kidogo, maana na yeye amekamatwa, hakuna mtu anayekuja pale kutembea. Akamwinamia kichwa kwa heshima na kukaa mbele. Kwa muda mfupi Nohemí alipata nafuu. Alijiambia kwamba mwizi hamshitaki mwizi mwenzake, wote wawili watanyamaza, basi.

Sasa nikuambie kwa nini Nohemí, mwanamke mwangalifu ambaye hata mboga anaosha mara mbili, alikuwa akikimbiza gari lenye watoto. Kisa ni Don Wilmar mwenyewe. Mke wake alikuwa Uhispania akitunza wazee wa watu, na mapumziko yake ya kula mchana huangukia asubuhi ya Duitama, wakati gari la wanafunzi linaposimama mlangoni. Ndiyo saa pekee ya kumwona binti yake. Kwa hiyo kila siku baba anasuka nywele huku mama anaongea kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, na Alcira, ambaye ndiye mhudumu wa gari, anasimama mlangoni akiambiwa dakika moja tu, dada, dakika moja ndogo. Nohemí alikuwa akiwaona kupitia dirishani. Ungepiga honi wewe? Huku kwetu hakuna anayemwacha mtoto wa jirani. Ni aibu, ni kama kumfungia mgeni mlango. Kwa hiyo husubiri. Na shuleni kuna Sista anayefunga geti saa moja kamili, na akishalifunga hata askofu haingii. Muda uliopotea kwenye nywele za Salomé ilibidi upatikane mahali, nao ulikuwa unapatikana baada ya daraja.

Mwalimu Otilia hakuwa mtu wa kufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa na sauti ya mafua na subira isiyoisha. Alieleza kwamba hatahubiri, ila kila mmoja atakwenda mbele, picha ya kosa lake itawekwa ukutani kwa projekta, na yeye atawaambia wenzake alikuwa anawahi nini. Watu waligunaguna. Dereva teksi mmoja mnene akaenda wa kwanza, akasema alikuwa anawahi chakula kwa mama mkwe, na kwamba kamera ilikuwa imejaribu kumwokoa. Darasa likacheka. Don Wilmar alipofikiwa alisema kwa utulivu kwamba anamlea binti yake peke yake, asubuhi zake ni ngumu, na alikuwa anachelewa kufungua duka. Wanawake wawili walimtazama kwa huruma. Nohemí alimtazama pia, akauma meno.

Kisha likaitwa jina lake.

Alitembea hadi mbele. Picha yake ilipotokea ukutani ilikuwa kubwa kupita kiasi. Lilikuwa gari lake lililopigwa kwa nyuma, namba zikisomeka, mstari wa njano, na kile kibao kinachosema wanafunzi. Nyumbani alikuwa ameichunguza ile picha kwenye karatasi hadi macho yakauma, na hakuona kitu. Lakini ukutani kitu kilionekana. Kwenye kona ya kioo cha nyuma kulikuwa na kofia ya sufu ya zambarau yenye masikio mawili ya paka.

Duitama nzima kulikuwa na kofia moja tu ya namna ile. Ilitumwa kutoka Uhispania.

Nohemí hakugeuka. Alihisi macho ya Don Wilmar ubavuni mwake. Mwalimu Otilia akauliza, kwa sauti ileile ya mafua, kama gari lilikuwa na watoto. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, na hata Nohemí mwenyewe aliiona. Ila alimwona pia mama yao kitandani, na Alcira anayemgeuza ubavu, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Gari lilikuwa tupu."

Mwalimu alimwangalia kidogo, kisha akaangalia picha. Alimwomba arudi kukaa. Don Wilmar, pale kiti cha mbele, hakuondoa macho ukutani. Mpaka mapumziko Nohemí hakusikia neno hata moja la yaliyofundishwa.

Wakati wa mapumziko kuliletwa kahawa na mikate midogo ya jibini. Nohemí alichukua kikombe chake akaenda kusimama uani, nyuma ya tangi la maji, akijidanganya kwamba hapo haonekani. Don Wilmar alimfuata. Hakuwa na kikombe. Alikuwa amepauka hadi kwenye midomo.

"Binti yangu alikuwemo," alisema.

"Alikuwemo."

"Na wenzake?"

"Wote, Don Wilmar."

Alimwuliza mara ngapi. Nohemí angeweza kudanganya tena, lakini uongo mmoja ulikuwa umemchosha kama kubeba gunia. Alisema karibu kila siku. Don Wilmar akaanza kumsema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, kwamba amemkabidhi roho yake yote, kwamba hakuwahi kumfikiria hivyo, kwamba angeweza kutoa simu sasa hivi na kuwaandikia wazazi wote. Nohemí alisikiliza hadi alipochoka, kisha hasira ikampanda.

"Na unafikiri nakimbia kwa starehe? Nakimbia kwa sababu yako. Nasimama mlangoni kwako kila siku ya Mungu nikikutazama unasuka nywele. Wengine kumi wanakusubiri wewe."

Ilionekana kwamba Don Wilmar alikuwa analijua hilo, ila hakuwahi kulisikia likisemwa. Aliangalia viatu vyake. Nohemí akadhani sasa ataomba radhi, na labda mambo yatatengemaa kiungwana. Lakini mtu aliyekamatwa pabaya hana uungwana.

"Mama yake hana saa nyingine," alisema. "Salomé asipomwona asubuhi hali chakula. Siwezi kumnyang'anya hilo. Tufanye hivi, Doña Nohemí. Mimi sikuona kitu kwenye picha ile. Na wewe utaendelea kusubiri kama ulivyokuwa ukisubiri."

"Na geti?"

"Hilo la geti utajua wewe. Umelijua siku zote."

Unaona basi. Baba mzima, mwenye duka la dawa, anaomba mtoto wake aendelee kukimbizwa, ilimradi yeye asijue. Na Nohemí, ambaye ilimpasa kumrushia kahawa usoni, alifanya nini? Aliinamisha kichwa akakubali. Aliona haya, akaimwaga kahawa yake chini.

Baada ya mapumziko Mwalimu Otilia aliwatoa wote uani. Kwenye ndoo kulikuwa na kamba ndefu iliyoviringwa. Alieleza kwamba kamba ile ni njia ambayo gari huila tangu mguu ukanyage breki hadi lisimame, kwa mwendo wa ile picha ya ukutani. Akachora mstari kwa chaki kuwa ndipo breki inapokanyagwa. Akahitaji mtu wa kusimama mbele ya mstari awe mtoto anayevuka barabara, na kwa kuwa Don Wilmar alikuwa karibu, akamweka yeye. Ncha ya kamba akampa Nohemí.

"Tembea nayo, mama. Ikikaza, hapo ndipo ulipofanikiwa kusimama."

Nohemí alianza kutembea. Dereva teksi alikuwa anatania nyuma, kisha akaacha. Alimfikia Don Wilmar, na kamba ilikuwa bado inajinyoosha bila shida. Ilibidi apite karibu naye hadi mkono wa koti lake ukamgusa kifuani. Walitazamana. Akaendelea, akapita magari yaliyoegeshwa, akafika ukutani mwa ua, akasimama kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Alipogeuka aliona kamba iliyobaki bado imejaa ndooni, na Don Wilmar peke yake katikati ya uwanja, mikono imelegea. Mwalimu alianza kuviringa kamba yake.

Vyeti vilipogawiwa, Nohemí alifikiri kwamba baada ya lile Don Wilmar angekuwa amebadilika. Alimkuta mlangoni akifunga vifungo vya koti.

"Jumatatu, Doña Nohemí," alisema bila kumtazama. "Kama kawaida."

Jumapili yote Nohemí alikuwa mtu wa kuvunja vyombo. Alimweleza Alcira kila kitu, na Alcira, ambaye kwa kawaida ndiye mpole, alimwambia asilete ukaidi, amsubiri mtoto wa watu, wana mgonjwa ndani. Nohemí akamwuliza kama aliwahi kuwaangalia watoto usoni gari linapokimbia baada ya daraja. Alcira akajibu kwamba huwa anafumba macho.

Jumatatu gari lilisimama mlangoni kwa Don Wilmar likiwa na watoto wawili wa mwanzo. Alcira akashuka, akagonga. Dakika moja ndogo, akaambiwa. Kupitia dirishani Nohemí aliona mambo yaleyale: mgongo wa mtoto, kopo la sukari, uso wa mwanamke mwenye vazi la kazi anacheka mbali huko kwenye kioo cha simu. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa. Nohemí alisubiri mpaka pale ambapo kungoja kunageuka kuwa kukimbia. Dereva hupajua mahali hapo, huwa anapajua vizuri kabisa. Kisha akapiga honi. Hakuwahi kupiga honi mlangoni pale tangu aanze kazi.

Don Wilmar akaja mlangoni na kitana mkononi.

"Naondoka," Nohemí alimwambia kupitia dirisha la gari.

"Tulikubaliana."

"Ndiyo, tulikubaliana. Naondoka."

Nyuma yake Salomé alikuwa ametoka barazani, upande mmoja umesukwa, upande mmoja umetimka, hajui anapaswa kulia au la. Hilo ndilo lililomkata Nohemí maini. Alitia gia hata hivyo. Alcira alirukia garini huku akimwita mwendawazimu, na walipofika kona ya pili simu yake ikaanza kulia bila kukoma. Alisoma, kisha akasema kwamba Don Wilmar ameandika. Wazazi wapendwa, Doña Nohemí alipigwa picha na kamera akiwakimbiza watoto wetu wote wakiwa garini.

"Ameweka na nukta?" Nohemí aliuliza.

Alcira hakucheka. Walichukua watoto waliobaki. Mlango mmoja haukufunguliwa kabisa, na mwingine mama alimrudisha mtoto ndani bila kuwasalimu. Wakavuka daraja. Barabara ikanyooka, nyeupe kwa ukungu wa chini chini, na Nohemí akashika mwendo ule uliopangwa, ambao kwake ulionekana kama kusimama.

Ndipo alipoliona kwenye kioo gari dogo la kijivu likija mbio. Alilitambua kabla halijafika. Don Wilmar alikuwa anawahi geti. Alipowapita, gari lote la wanafunzi lilitikisika, na Nohemí alimwona Salomé kiti cha nyuma, kichwa kimeegemea kioo. Mbele, kutoka kwenye ukungu, lori la maziwa lilikuwa linakuja. Lilipiga honi ndefu. Mguu wa Nohemí wenyewe ulitaka kukanyaga mafuta, amkimbilie, amzuie, sijui angemzuiaje. Aliuondoa mguu, akakanyaga breki taratibu ili yule apate nafasi ya kujichomeka. Gari la kijivu liliyumba, likajichomeka. Lori lilipita na upepo wake. Watoto walikuwa kimya, hata mapacha wa Doña Rubiela ambao hawanyamazi hata kanisani.

Hadi shuleni, kila Nohemí alipokaribia kona alitegemea kulikuta gari la kijivu limepinduka pembeni mwa barabara, na angejua nani wa kulaumiwa. Hakulikuta. Alilikuta getini, limeegeshwa vibaya, mlango wazi. Salomé alikuwa ameshaingia. Don Wilmar alikuwa ameegemea ukuta, kitana kingali kimechomoza mfukoni mwa koti, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Wazazi watatu walikuwa wameshafika kwa pikipiki kwa ajili ya ule ujumbe, nao hawakuja polepole. Doña Rubiela ndiye aliyesogea, mama wa mapacha, mwanamke aliyekuwa akimletea Nohemí supu ya maziwa siku za mvua. Aliuliza kama ni kweli. Nohemí alikuwa hajafungua mdomo, Don Wilmar alipojibandua ukutani.

"Nilikosea, Doña Rubiela," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Niliandika kwa hasira, hakumngoja Salomé. Nilikuwepo kwenye mafunzo, picha nimeiona mwenyewe. Gari lilikuwa tupu."

Na wote wakageuka kumtazama Nohemí, nyuso zikianza kulegea, maana nani asiyemwamini mtu anayemuuzia dawa ya mtoto? Walitaka kuamini, ilikuwa rahisi kwao pia. Alitakiwa kunyamaza tu. Don Wilmar alikuwa anamwangalia kwa macho ya kuomba. Alcira akamshika kiwiko, akakiminya. Nohemí aliwaza kitanda cha mama yao. Halafu akawaza kwamba kesho asubuhi atasimama mlangoni kwa mtu huyu tena, akiwa na deni la uongo wake, na dakika moja ndogo itaanza upya.

"Walikuwemo," alisema. "Wote. Mapacha wako walikuwa kiti cha mbele, Rubiela. Na haikuwa siku moja."

Hakutaja nywele. Hakutaja Uhispania. Don Wilmar alisubiri atajwe yeye, na alipoona hatajwi akafunika uso kwa viganja.

Doña Rubiela hakupayuka. Alifungua mlango wa gari mwenyewe, akawashusha mapacha mmoja mmoja, akawapapasa mabega kana kwamba anatafuta kilichovunjika.

"Na mimi nilikuwa nakuhesabu ndugu yangu," alisema, akaingia nao shuleni, na watoto wengine wakashuka wakawafuata. Sista akafunga geti nyuma yao.

Mchana Nohemí alirudi kuwachukua watoto, kwa sababu hakuna aliyemwambia asije. Alcira alifungua mlango wa gari akasimama nao. Kengele ikalia. Watoto walitoka, wakawakuta mama zao, shangazi zao, bibi mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka mbali, na wote wakapita mbele ya gari wakiangalia chini. Wengine waliaga. Doña Rubiela hakuaga.

Uwanja ulipobaki mtupu akatoka Salomé peke yake na mkoba wake. Baba amesema apande, alieleza, na kesho atakuwa mlangoni kabla ya gari kufika. Akapanda, akatazama viti vyote, akauliza wenzake wako wapi. Alcira aligeuza uso dirishani.

Nohemí alijua kwamba mtoto mmoja hatoshi hata mafuta. Alimfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akauvuta mara mbili kuona umeshika, akarudi mbele kuwasha gari.